Kusafisha udongo na maji ya kisima vilivyoingiwa na mazuti kwa kutumia bakteria: mwongozo kwa wenye garaji na wenye parseli Lubumbashi

Katika parseli nyingi za komine zetu za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, garaji, jenereta na kisima hukaa ndani ya ua mmoja, na pengine hazipiti hatua kumi baina ya shimo la kubadilishia mafuta ya mota na mdomo wa kisima ambacho familia tatu huchota maji ya kupikia. Mwaka mzima mafuta hudondoka kidogo kidogo, na kwa kuwa udongo wetu mwekundu huyameza, hakuna anayeona yanakokwenda. Kisha mvua za Novemba huanza, maji yanayoshuka huyasukuma chini, na siku moja ndoo hupanda ikiwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua. Mama mmoja wa Katuba aliniita akaniambia, "Papa, maji yetu inanuka mazuti tangu mvula." Alikuwa amekwisha kumwaga kisimani chupa mbili za Javeli, na harufu haikuondoka. Nimeandika hatua hizi nikiufikiria ua ule, ambao mwenyewe hana mashine ya kusafishia udongo wala fedha za kuikodi, lakini ana beleshi, toroli, turubai na uvumilivu wa miezi kadhaa.

Mazuti (dizeli), esansi (petroli) na mafuta ya mota ni minyororo ya kaboni na hidrojeni, na kwa viumbe wengi wadogo minyororo hiyo ni chakula. Ndani ya udongo wa kawaida mna bakteria, wakiwamo wa jenasi za Pseudomonas, Rhodococcus na Acinetobacter, ambao huivunja kwa vimeng'enya vyao, wakaitumia kama sisi tunavyotumia bukari, na kubakiza kaboni dioksidi, maji na miili yao wenyewe. Wamo tayari hata chini ya shimo la garaji, na mara nyingi ni wengi zaidi pale palipoloa mafuta kuliko penye udongo safi, kwa sababu chakula kimewazalisha. Wanachokosa ni hewa, unyevu wa kutosha, nitrojeni na fosforasi. Ni sawa na kumpa mtu gunia la unga bila maji wala makala: chakula anacho, lakini hawezi kukila.

Kwa sababu hiyo sishauri mtu anunue chupa za bakteria wanaosifiwa kuwa hula mafuta. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta ghafi huko Alaska mwezi wa Machi 1989, kilichosaidia fukwe kilikuwa mbolea iliyowalisha bakteria wa pale pale, na majaribio ya kuongeza bakteria wa kununuliwa hayakuonyesha faida ya wazi. Fedha hiyo inunue mbolea na turubai.

Tambua kwanza kilichomo ardhini

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na katika mji wetu haifai kurukwa kamwe. Bakteria huweza kuvunja mafuta kwa sababu mafuta ni mchanganyiko wa molekuli, na molekuli huvunjika. Shaba, kobalti, risasi na kadimi ni elementi. Hakuna kiumbe anayeweza kuzila zikaisha. Tangu kinu cha kuyeyushia shaba kilipoanza kazi mwaka 1911, moshi wake umeangusha metali kwenye ardhi iliyo upande unakoelekea upepo, na maji ya viwanda na ya kuoshea mawe yamezipeleka kwenye mito na mabonde. Parseli inaweza kuwa na uchafu wa aina zote mbili kwa pamoja, na mwenye kuisafisha mazuti asidhani kwamba ameondoa na shaba.

Yapo mambo ambayo bakteria huweza kuyafanya kwa metali, lakini ni ya namna nyingine. Bakteria wanaotumia salfeti mahali pasipo na oksijeni, kama wale wa jenasi ya Desulfovibrio, hutoa salfaidi inayoishika shaba iliyoyeyuka majini na kuigandisha iwe tope. Metali inabaki, ila imefungwa. Wengine hufanya kinyume chake. Acidithiobacillus ferrooxidans huzalisha hali ya uchachu na kuiyeyusha shaba kutoka kwenye mawe ya salfaidi, ndiyo maana migodi humtumia kuvuna shaba. Kuchezea mambo haya uani, karibu na kisima, hakufai. Ardhi yenye metali nyingi na tupu, ambamo yale maua ya shaba ya Katanga, Haumaniastrum katangense, huota yenyewe kwa wingi, ipelekwe kwa wataalamu na isilimwe mboga, hata kama haina tone la mazuti. Kwa kusafisha mafuta pia ni kizuizi, kwa kuwa jumla ya metali nzito inapopita miligramu 2,500 kwa kilo ya udongo, bakteria wenyewe huanza kudhoofika.

Mafuta nayo si ya aina moja. Mazuti na mafuta ya taa hukubali vizuri njia hii. Esansi huruka hewani upesi na inaweza kuwaka, hivyo udongo ulioloa esansi kwa wingi usichimbwe na mtu asiye na vifaa. Mafuta ya zamani ya mota, yale ya vidanje, huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu yana minyororo mirefu na pete nyingi za kaboni, na pia hubeba metali kutoka ndani ya mota. Lami karibu hailiki. Mafuta ya transfoma kuukuu huenda yana PCB, yaani kemikali za sumu zenye klorini zisizovunjika kwa urahisi, na dawa za kuondolea grisi zenye klorini hudai bakteria wengine kabisa wanaoishi bila hewa, ambao kazi yao ikikatizwa njiani hubakiza sumu mbaya kuliko ile ya mwanzo. Ukishuku mojawapo ya hivyo viwili, funika mahali hapo, zuia watu, wala usiendelee na hatua zinazofuata.

Zuia chanzo, kisha chimba

Hakuna maana ya kulisha bakteria huku bomba la jenereta likiendelea kuvuja juu yao. Rekebisha bomba, hamisha mapipa juu ya saruji, na yakinge mafuta ya vidanje kwenye bidoni badala ya shimo. Ikiwa mafuta yaliyovuja ni ya kampuni au ya jirani mwenye uwezo, kumbuka kwamba Sheria Na. 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inaweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa; piga picha na uandike tarehe kabla ya kugusa chochote.

Wakati wa kuchimba ninaoupendelea ni Agosti. Mvua ziko mbali, udongo ni mkavu na rahisi kuutawala, baridi ya usiku ya Juni na Julai inaisha, na mbele yako una Septemba na Oktoba zenye joto. Joto lina thamani hapa, kwa kuwa ndani ya viwango ambavyo bakteria hawa hupenda, kila linapopanda kwa digrii 10 kasi ya kazi yao huongezeka takribani mara mbili.

Chimba ukifuata pua na jicho. Udongo wenye mazuti huwa mweusi au wa kijivu katikati ya wekundu, na hushikamana kwa namna ya mafuta ukiusugua kati ya vidole vilivyovaa glavu. Pasipo na uhakika, weka kiganja cha udongo katika chupa ya kioo, jaza maji hadi nusu, tikisa, kisha iache kwa dakika kumi. Utando wa rangi ukitokea juu, bado hujafika mwisho. Usishuke ndani ya shimo linalopita kimo cha kiuno, kwa sababu kuta huanguka na mvuke mzito hutulia chini. Kushuka ndani ya kisima kinachonuka mafuta kumekatazwa kabisa: mvuke ule humwangusha mtu kabla hajaweza kupiga kelele, na anayeshuka kumwokoa humfuata. Sigara, makala na uchomeleaji vikae mbali.

Sasa pima wingi. Toroli ya kawaida hubeba lita 60 hivi, kwa hiyo toroli 17 ni mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Pipa la lita 200 la mazuti lina kilo 170; likienea katika mita 10 za ujazo, yaani tani 15, udongo una mafuta ya asilimia 1 na kidogo. Ukiweza, peleka sampuli kwenye maabara, lakini uliza waziwazi kama wanapima jumla ya hidrokaboni za petroli, maana maabara nyingi za hapa zimezoea shaba na kobalti. Udongo unaopita asilimia 5 ni sumu hata kwa bakteria wenyewe. Uchanganye na ule uliochafuka kidogo hadi ushuke.

Kuandaa tuta

Chagua mahali palipo chini ya kisima kwa mteremko, na angalau mita 30 kutoka kwacho ikiwa nafasi ipo. Sawazisha ardhi kwa mwinamo mdogo, tandaza plastiki nene isiyo na tundu, na uzungushie ukingo wa udongo mfinyanzi wenye kimo cha mkono. Kwenye pembe ya chini zika ndoo, ili maji yatakayochuruzika yakusanyike humo na kurudishwa juu ya tuta, yasiende bondeni. Mita 10 za ujazo, zikitandazwa kwa kimo cha sentimita 40, zinahitaji eneo la mita 5 kwa 5. Usilundike juu zaidi ya hapo kama huna mabomba ya kupitishia hewa, kwa sababu katikati ya lundo kubwa oksijeni huisha na kazi husimama.

Udongo wetu una mfinyanzi mwingi, na ukiloa hujifunga kama tofali. Uchanganye na unga wa mbao, maganda ya mchele au magunzi ya mahindi yaliyopondwa, kiasi cha toroli 2 kwa kila toroli 10 za udongo. Nimeona watu wakitia udongo wa kichuguu kwa sababu shambani unasaidia. Ni kweli kwamba vichuguu vikubwa vya huku havina uchachu kama udongo unaovizunguka, lakini vina mfinyanzi mwingi mno, na hapa tunatafuta hewa.

Chokaa, mbolea na maji

Bakteria hawa hupenda pH (kipimo cha uchachu, ambacho kikishuka uchachu huzidi) kati ya 6 na 8, ilhali udongo wa miombo mara nyingi uko karibu na 5. Pima kwa karatasi za pH zilizoloweshwa katika maji ya mvua yaliyochanganywa na udongo huo. Ikiwa iko chini ya 6, tia chokaa ya kilimo kilo 2 kwa mita ya ujazo, geuza, subiri wiki mbili, kisha pima tena kabla ya kuongeza. Usitie chokaa na urea siku moja, kwa sababu nitrojeni itaruka hewani kama amonia, nawe utainusa ikipotea.

Kwa mbolea, kipimo kinachofuatwa ni kaboni 100, nitrojeni 10 na fosforasi 1. Tukichukua mfano wetu wa asilimia 1, mita moja ya ujazo ina kilo 15 za mafuta, ambazo takribani kilo 13 ni kaboni. Inahitajika basi nitrojeni kilo 1.3 na fosforasi gramu 130. Mbolea ya NPK 17-17-17, kilo 1.7, hutoa fosforasi hiyo yote pamoja na nitrojeni kidogo, na kilo 2.2 za urea hukamilisha sehemu iliyobaki. Kiasi hiki kisitiwe kwa mara moja. Chumvi ya mbolea nyingi hukausha bakteria kama inavyounguza mche wa mahindi, na ile wasiyoitumia hushuka na kuwa naitreti kwenye maji. Igawe mafungu manne, uyeyushe kila fungu katika maji, na unyunyizie kwa kopo lenye matundu kila baada ya wiki tatu au nne. Samadi ya kuku iliyooza vizuri inaweza kushika nafasi ya sehemu ya urea, na pia hulainisha udongo, ingawa huwezi kuipima kwa uhakika uleule.

Unyevu hupimwa kwa ngumi. Kamata udongo, ubane kwa nguvu, ufungue mkono: ukibaki bonge lenye alama za vidole bila kudondosha maji, uko sawa, ukisambaratika, mwagilia, maji yakipita kati ya vidole, umezidisha, na hewa haina tena mahali pa kupita. Mnamo Septemba tuta hukauka haraka kuliko watu wanavyofikiri, kwa hiyo lipime kila siku ya pili na ulifunike kwa turubai lililoinuliwa juu ya miti, ili upepo upite chini yake. Mvua zikianza, turubai hilo hilo huzuia tuta lisizame.

Kugeuza

Kazi nzito ni hii. Geuza tuta lote kwa beleshi mara moja kila wiki katika miezi mitatu ya kwanza, kisha kila wiki mbili. Bakteria wanapokula kilo moja ya mafuta huvuta takribani kilo 3 za oksijeni, na ni beleshi linaloiingiza. Vunja kila bonge, kwa sababu ndani ya bonge mafuta hukaa kama yalivyomwagika. Vaa glavu, na kwa siku za mwanzo simama upande unakotoka upepo.

Baada ya wiki chache utaona dalili ambazo mimi huziamini kuliko rangi ya udongo. Ukipenyeza mkono ndani ya tuta asubuhi ya baridi, utakuta vuguvugu. Harufu kali ya mazuti hulegea, ikawa kama ya mshumaa, kisha siku moja baada ya kumwagilia husikia tena ile harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Harufu ikigeuka ya mayai yaliyooza, hewa imekwisha humo ndani: geuza siku hiyohiyo na upunguze maji.

Mazuti yaliyomwagika karibuni yanaweza kupungua sana ndani ya miezi sita. Mafuta ya vidanje hudai mwaka mmoja au miwili, na sehemu yake nzito haiishi kamwe. Tuta la kwanza likikamilika, weka kando toroli moja au mbili za udongo wake, uzichanganye katika tuta linalofuata. Hao ndio bakteria waliozoea chakula hicho na ardhi hiyo.

Maji ya kisima

Ndani ya maji bakteria wapo pia, lakini hewa ni haba. Lita moja ya maji hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 8 hivi, kwa hiyo kumaliza kilo moja tu ya mafuta kunahitaji oksijeni iliyomo katika lita 375,000, yaani bidoni karibu 19,000 za lita 20. Ndiyo maana kuchimba udongo uliochafuka ulio juu ya maji, kabla mvua haijauosha, kuna faida kuliko hila yoyote inayofanywa kisimani baadaye.

Funga kisima kwa matumizi ya kunywa na kupikia, na uwaambie majirani wote, maana maji ya chini hayajui ukuta wa parseli. Kuchemsha hakusaidii: mvuke wa mafuta hujaa jikoni, na yasiyoruka hubaki sufuriani. Javeli huua bakteria wale wale unaowahitaji, na klorini yake inaweza kuungana na mafuta ikatoa sumu nyingine. Sabuni ya unga huyafanya mafuta yachanganyike na maji, yakasafiri mbali zaidi. Mbolea isimwagwe kisimani hata kijiko, kwa kuwa naitreti ikipita miligramu 50 kwa lita huhatarisha maisha ya watoto wachanga wanaonyweshwa maji hayo.

Kinachowezekana kwa mwenye parseli ni kuondoa mafuta yanayoelea. Shusha chupa nyembamba ya plastiki angavu kwa kamba hadi usawa wa maji, ivute taratibu, upime unene wa tabaka la juu. Kama lipo, lichote kila siku kwa chombo hicho na ulimimine kwenye bidoni yenye kifuniko, hadi ubaki utando tu. Kuanzia hapo kazi ni ya fundi wa foraji mwenye kompresa, anayeweza kupuliza hewa kwa bomba jembamba chini ya usawa wa maji ili bakteria wapumue. Njia ya kuwapelekea oksijeni na virutubisho chini ya ardhi ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1974 kwa jina la Richard Raymond, na bado hutumika. Hata hivyo hewa inayopulizwa hupanda na mvuke wa mafuta, na mvuke huo huweza kuingia ndani ya nyumba na kulipuka, kwa hiyo kazi hiyo isifanyike bila mashimo ya kuutolea mvuke nje.

Pale ambapo hakuna kompresa, kuondoa chanzo na kusubiri kwa vipimo ni njia halali, mradi watu wamepata maji mahali pengine. Huko Bemidji, Minnesota, ambako bomba la mafuta ghafi lilipasuka mwaka 1979, watafiti wamefuatilia kwa miongo kadhaa jinsi bakteria wa chini ya ardhi wanavyoendelea kula mafuta hata oksijeni inapokwisha, wakitumia chuma na vitu vingine badala yake, lakini kwa mwendo wa polepole sana. Maji ya kisima chako yakianza kuacha kutu nyekundu kwenye ndoo ambako hapo awali haikuwapo, huenda ni chuma kilichoyeyushwa na kazi hiyo, na inafaa kuandikwa katika daftari pamoja na tarehe na harufu.

Kujua kama umefika

Chukua sampuli kumi kutoka sehemu mbalimbali za tuta, zichanganye, urudie jaribio la chupa. Kisha panda mbegu 20 za maharage katika udongo uliotibiwa na 20 katika udongo safi wa parseli hiyo hiyo, uzimwagilie sawa kwa siku kumi. Idadi ya zilizoota na urefu wa mizizi vikikaribiana, sumu kubwa imeondoka, na ndipo inapofaa kulipia kipimo cha mwisho cha maabara. Udongo huo urudishwe kwenye shimo au utumike chini ya maua na miti ya kivuli. Matembele na lengalenga visipandwe humo, hasa kama mafuta yalikuwa ya vidanje, kwa sababu metali zake bado zimo.

Kisima kipimwe mara mbili kabla ya kurudi kwenye chungu: mara moja mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa, na mara nyingine mnamo Januari au Februari, mvua zikiwa zimeosha kila kilichobaki. Omba kipimo cha benzini (benzène), kemikali ya sumu iliyomo ndani ya mafuta, kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita. Vipimo vyote viwili vikiwa chini ya mpaka huo, na maji yasiwe na harufu wala utando, kisima kifunguliwe.